Kishikwambi kimesema batobato, macho yangu yanaona utitiri: nimsikilize nani?

*"Mimi ni bibi shamba wa kata moja ukanda wa Pwani. Nina miaka 49, mwaka wa 22 kazini, vijiji vitano na pikipiki moja. Mwaka jana tulipewa vishikwambi vya kusajilia wakulima, kutumia ripoti kila wiki, na kupimia magonjwa ya muhogo kwa kupiga picha ya jani. Kijana aliye kwenye mafunzo kazini anamaliza kwa nusu saa kazi inayonichukua kutwa. Bando nanunua mwenyewe. Mwezi uliopita kifaa kiliniambia muhogo wa mzee mmoja una batobato, ugonjwa wa virusi, mimi nikaona ni utitiri wa kijani, vile vijidudu vya majani, nikashikwa na kigugumizi mbele yake. Akacheka: 'Siku hizi hata wewe unauliza simu?' Wilayani wanasema sisi wa zamani ndio tunaoichelewesha kata. Je, ni kweli nimepitwa na wakati? Na siku kifaa na macho yangu vikipingana, nifuate kipi?"*

Dada yangu, pole na kazi. Kigugumizi hicho nakijua, kimenishika na mimi, na nitakusimulia. Umeuliza maswali mawili, la umri na la kifaa, lakini katikati umepenyeza la tatu bila kuliwekea alama ya kuuliza: bando la mfukoni, ripoti za kila wiki, kijana anayekupita. Nadhani hilo la tatu ndilo linalozaa la kwanza, na tutalifikia. Ila una mkulima anayesubiri jibu, kwa hiyo tuanzie kwenye muhogo wake.

Programu ya kupima ugonjwa kwa picha haijui muhogo. Haijawahi kuuona ukimenywa wala kuchemshwa. Waliotengeneza walikusanya maelfu ya picha za majani, wataalamu wakazipa majina: hili batobato, hili michirizi ya kahawia, hili utitiri, hili zima. Kompyuta ikazipitia tena na tena mpaka ikazoea rangi na maumbo yanayoandamana na kila jina. Sasa ukielekeza kamera kwenye jani, inachofanya ni kulinganisha na kukutajia jina lililofanana zaidi. Haiulizi mvua ilinyesha lini, pingili zilitoka kwa nani, wala jirani amepulizia nini. Tena inayajua majina iliyofundishwa tu. Jani lililoungua kwa dawa ya magugu iliyopeperuka kutoka shamba la pili linaweza kuangukia jina lolote lililo karibu, kwa sababu jina lake halisi halimo kwenye orodha.

Inawezekana unayotumia ni Nuru, inayotumika sana kwa muhogo huku kwetu Tanzania. Ilitengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na IITA (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki), FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na wengine, na uzuri wake mkubwa ni kwamba inapima bila intaneti. Ilijaribiwa Afrika Mashariki na matokeo yakachapishwa 2020. Yasome vizuri, maana yana dawa ya pande zote mbili za swali lako. Nuru ilipatia kwa asilimia 65. Maafisa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58. Wakulima, kati ya 18 na 31.

Najua linavyouma hilo la asilimia 40. Mimi pia lilinichoma. Lakini usiishie hapo. Asilimia 65 maana yake ni kwamba kati ya majibu 100, kifaa kinakosea 35, na kinakosea kwa sauti ileile ya kujiamini kinayotumia kinapopatia. Halafu kuna sehemu ninayoipenda zaidi: walipopima majani sita ya shina moja badala ya jani moja, shambani, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Kifaa hakikubadilika, ila aliyekishika alifanya kazi zaidi. Na maafisa ugani waliotumia Nuru kwa wiki mbili, ujuzi wao wenyewe wa kutambua magonjwa uliongezeka kidogo. Kwa hiyo dhana kwamba anayetumia kifaa anakuwa mvivu wa macho si lazima iwe kweli. Inategemea unakiuliza kabla ya kutazama au baada ya kutazama, na mimi nasema baada. Tamka moyoni jina lako kwanza, ndipo upige picha. Usipofanya hivyo hutajua ni nani kati yenu alikosea, na hutajifunza lolote.

Sasa muhogo wa yule mzee. Batobato na utitiri wa kijani vyote hukunja majani ya juu na kuyatia manjano, na katika picha moja iliyopigwa saa saba jua likiwaka, hata mtafiti anaweza kuduwaa. Lakini wewe hukuwa na picha, ulikuwa na shina zima mbele yako. Geuza jani uangalie tumbo lake. Utitiri hukaa chini ya majani machanga, ni vidoa vya kijani vinavyotembea, na kama macho hayafiki, kamera hiyohiyo ya kishikwambi ukiisogeza na kukuza picha inakuwa kioo kizuri. Madoa ya utitiri ni kama vumbi la manjano, kana kwamba mtu amelichoma jani kwa ncha ya sindano mara mia. Jani husinyaa, hupungua upana, na ukizidi ncha ya tawi hubaki mtupu kama utambi. Batobato haichomi sindano. Inagawa jani vipande, hapa kijani kibichi, hapa manjano au weupe, mipaka inaonekana, na jani hupinda upande mmoja kwa sababu nusu inakua na nusu imedumaa.

Kisha shuka chini ya shina, mahali ambapo wengi hatuangalii. Kama ugonjwa wa batobato ulikuja na pingili, dalili zilianza kwenye majani ya kwanza kabisa, na utazikuta tangu chini. Kama uliletwa na inzi weupe baada ya muhogo kuota, majani ya chini ni mazima na ya juu tu ndiyo yaliyochafuka. Tofauti hiyo inakuambia kama mzee anahitaji kubadili mbegu au kama ana majirani wenye mashamba yaliyoambukizwa. Halafu muulize kuhusu mvua. Utitiri ni adui wa kiangazi. Mvua zikikolea, majani mapya hutoka mazima. Batobato haisikii mvua.

Hapa ndipo niliposhikwa mimi. Ilikuwa mwezi wa tisa, ukame, nikiwa na simu mpya na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu. Mama mmoja akaniita, nikapiga picha ya jani moja, moja tu, simu ikasema batobato, nikamwambia ang'oe mashina kadhaa kando ya njia kabla hayajaambukiza mengine. Aling'oa siku hiyohiyo, maana aliniamini. Vuli ilipoanza nikapita tena. Muhogo wa jirani yake, uliokuwa na dalili zilezile na ambao hakuna aliyeugusa, ulikuwa umechanua majani mapya yanang'aa. Mama yule hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana shamba, wa jirani umepona wenyewe." Laiti angenitukana.

Kutoka siku ile sijiulizi tena nani yuko sahihi, kifaa au mimi. Najiuliza: nikikosea kwa upande huu, mkulima atapoteza nini, na nikikosea kwa upande ule? Kung'oa hakurudishiki. Kusubiri wiki mbili kwa muhogo wenye miezi mitano karibu hakumgharimu kitu. Kwa hiyo kifaa na macho vikipingana, usimchague mshindi palepale. Pima majani sita, mashina matatu hadi matano kutoka pembe tofauti za shamba, ukitia jani kivuli cha mwili wako ili jua lisiuchanganye mwanga. Funga utepe au ugwe kwenye mashina uliyoyapima. Halafu chukua hatua ambayo ni salama kwa majibu yote mawili. Hapa hatua hiyo ipo wazi: asichukue pingili kutoka mashina hayo kwa sasa, asipulizie dawa yoyote, urudi baada ya siku kumi na nne. Nasema asipulizie kwa sababu utitiri wa kijani, uliogunduliwa Afrika kwa mara ya kwanza Uganda 1971, una adui yake, utitiri mwingine mdogo ulioletwa na watafiti wa IITA ili uule. Ukipulizia kiholela unaua askari na kumwacha mwizi.

Lakini ikiwa muhogo una mwezi mmoja tu na dalili zinaanzia jani la kwanza, hesabu inageuka. Hapo kung'oa shina na kupanda jingine ni hasara ndogo, na kuacha ndiyo hatari. Unaona kwamba kifaa hakijui umri wa muhogo, na umri ndio unaoamua ushauri.

Kuna jambo jingine ambalo kamera haitaliona hata iweje: yaliyo chini ya udongo. Wewe uko Pwani, na michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa kwenu. Uliandikwa kwa mara ya kwanza na watafiti wa kituo cha Amani, kule Usambara, 1936. Unaweza kuwa na majani ambayo mpita njia angeyasifu, na mizizi iliyooza ndani, kahawia na kavu kama kizibo. Dalili za jani lake, pale zinapoonekana, ziko kwenye majani yaliyokomaa ya chini, manjano yakifuata mishipa, siyo kwenye majani machanga tunayoyakimbilia kwa kamera. Kwa hiyo katika shamba lolote lenye miezi tisa au zaidi, omba ruhusa uchimbe mashina mawili matatu, ukate mizizi kwa panga vipande vya mviringo mbele ya mwenye shamba. Programu ikisema "zima" na panga likaonyesha kahawia, fuata panga.

Haya, umri. Nimefundisha maafisa ugani kutumia vifaa hivi kwa miaka kadhaa, na nimeacha kuamini kwamba tatizo ni miaka. Nitakupa mfano ambao utakuchekesha. Tulikuwa na mama mmoja kwenye mafunzo, makini, mwenye shamba lake la mfano, lakini kila tukifika kwenye fomu anabonyeza mahali pasipo. Vijana wakawa wanapokezana kumfundisha, wakichoka wanatazamana. Siku ya pili akaazima miwani ya mwenzake ili asome jina kwenye kikombe. Akasahau kuirudisha. Mchana akajaza fomu nzima bila msaada. Dada yangu, ukifika miaka arobaini na kitu, macho hupoteza uwezo wa kuona karibu. Ni kawaida kama mvi. Herufi za kishikwambi ni ndogo, kioo kinang'aa juani, na mtu anaanza kujiona mjinga kumbe anahitaji miwani ya kusomea. Nenda ukapimwe macho hospitali ya wilaya kabla hujamkubalia yeyote kwamba umepitwa na wakati. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kifaa, ukuze maandishi, na uweke Kiswahili ikiwa bado kinakusemesha Kiingereza.

Kuhusu kijana wa nusu saa, mchunguze ana kasi katika nini. Nina hakika ana kasi ya kuandika. Na nahisi, kutokana na ulivyosema "kutwa", kwamba wewe unafanya kazi mara mbili: unaandika kwenye daftari shambani, jioni unanakili kwenye kishikwambi ukiwa umechoka na taa imefifia. Karibu kila afisa wa umri wetu anafanya hivyo, kwa sababu daftari halizimi chaji. Usiache daftari kwa mara moja. Chagua fomu moja tu, ile fupi, uijaze shambani moja kwa moja kwa wiki tatu, nyingine ziendelee kama zamani. Ikishakuwa mkononi, ongeza ya pili. Na kijana mfanye mwenzio: siku moja yeye aandike wewe uchunguze shina, siku ya pili mbadilishane, yeye ageuze majani na wewe ubonyeze. Utashangaa jinsi kasi yake itakavyopungua mbele ya jani.

Sasa lile la tatu. Kishikwambi chako kina mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni mkulima, anayetaka kujua muhogo wake una nini na apande lini. Bwana wa pili ni ofisi, inayotaka majina, ekari, namba za simu na ripoti ya Ijumaa. Mshika mbili moja humponyoka, na katika kata nyingi nilizopita inayoponyoka ni ya mkulima, kwa sababu ofisi ina namna ya kukupigia simu na mkulima hana.

Sitaki kuibeza kazi ya kusajili. Ruzuku ya mbolea iliporudi kwa nguvu msimu wa 2022/23, ilipitia kwenye usajili huo: mkulima aliyeandikishwa kijijini akapata namba yake kwenye simu, akaenda nayo kwa wakala, akanunua kwa bei ya ruzuku. Asiyeandikwa hakupata. Hiyo ni faida inayoshikika. Lakini kusajili ni uandishi, siyo ugani, na wanaoutathmini utendaji wako kwa idadi ya walioandikwa wanapima kalamu. Kumbuka pia tulivyo wachache. Hesabu zilizokuwa zikitajwa na Wizara mwanzoni mwa miaka hii ya 2020 zilikuwa maafisa ugani wapatao 6,700, na mahitaji zaidi ya 20,000. Ukiwapa watu hao wachache kifaa kimoja na kazi za watu watatu, itaonekana kama wao ndio wazito.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, na ulipeleke kwa Afisa Kilimo wa wilaya kwa maandishi, siyo kwa kulalamika kwenye korido. Tenga siku. Siku mbili za wiki ni za fomu: unakaa ofisi ya kijiji, mtendaji anaita watu kwa mtaa, unaandika hadi mwisho. Siku tatu ni za shamba, na siku hizo kishikwambi kinatoka mfukoni kwa ajili ya jani, picha na utabiri tu. Kuhusu bando, weka daftari la mwezi mmoja: tarehe, kiasi ulichonunua, kazi iliyokula. Zima programu zinazojisasisha zenyewe, maana hizo ndizo wezi wakubwa, na picha zitume ukiwa mahali penye intaneti ya ofisi. Baada ya mwezi utakuwa na takwimu, na ombi lenye takwimu ni vigumu kulitupa kapuni. Huenda wakakukatalia hata hivyo. Sitakudanganya, nimeona yakikataliwa. Lakini mara nyingi kinachokubaliwa ni nusu yake, kwa mfano ripoti kuwa ya wiki mbili badala ya moja, na nusu hiyo ni nafuu.

Jambo moja kwenye usajili naomba ulitazame kwa jicho la kike, maana sisi wanaume tumelipita. Namba ya simu inayoandikwa ni ya nani? Nimekuta kaya ambapo anayelima, anayepalilia na anayeuza ni mama, na namba iliyosajiliwa ni ya baba anayeshinda mjini. Ujumbe wa mbolea unakwenda mjini. Ushauri wa viwavijeshi vamizi unakwenda mjini. Mama anasikia baada ya siku nne, na viwavi havisubiri siku nne. Ukisajili, uliza "Anayeshika jembe hapa ni nani?" kabla ya kuuliza namba. Na kwa asiye na simu janja, mwonyeshe kwamba M-Kilimo, huduma ya kilimo kwa njia ya simu, inafikika pia kwa *152*00# kwenye simu ya kitochi.

Hizo taarifa ulizobeba, majina, namba, picha za watu, siyo zako wala za kundi la WhatsApp. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Kwa lugha ya kijijini: mwambie mkulima unaandika kwa ajili ya nini, omba ruhusa kabla ya kumpiga picha, na usimpe orodha mfanyabiashara wa pembejeo hata akiwa shemeji yako. Nimeona orodha ikitolewa kwa nia njema kabisa na wakulima wakaishia kusumbuliwa na simu za matapeli.

Kijana wako huenda pia anauliza programu za kuzungumza, zile zinazojibu swali lolote kwa ufasaha. Mimi nazitumia, kwa kuandaa somo au kutafsiri kijitabu. Kwa kipimo cha kiuatilifu, hapana. Zinaweza kukupa mililita za dawa ambayo haijasajiliwa nchini, au kipimo cha zao jingine, kwa Kiswahili kitamu. Kipimo kinatoka kwenye lebo ya chupa, na dawa yenyewe iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Hapo sina mjadala.

Na yapo mambo usiyahangaikie peke yako na kioo hicho. Ukiona dalili ambazo hujawahi kuziona na kifaa kinabadilisha jina kila ukipiga picha, au ugonjwa umeruka kutoka kijiji kimoja hadi kingine ndani ya wiki chache, au aina inayosifiwa kwa kuvumilia kama Kiroba imeanza kuoza mizizi, usitume picha tu. Mpigie Afisa Kilimo wa wilaya, na kupitia kwake TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, ya kanda yako. Kwa upande wako Kibaha ndiyo jirani. Waombe waje, au wakuelekeze namna ya kuchukua sampuli, kwa maana virusi huthibitishwa maabara, siyo kwa picha. Mbegu mpya zikihitajika, zitafutwe kwa wazalishaji waliokaguliwa na TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, kwa sababu batobato na michirizi vyote husafiri ndani ya pingili inayoonekana nzima. Na kishikwambi kikipotea au kikiibwa, taarifa iende polisi na kwa Afisa TEHAMA wa halmashauri siku hiyohiyo, kwa ajili ya majina ya watu yaliyomo kuliko kwa ajili ya bei yake.

Umebaki mzee aliyecheka. Ukirudi kwake siku ya kumi na nne, usianze kwa kujitetea. Mpe kishikwambi akishike yeye. Mwambie, "Mzee, mimi nasema ni utitiri, hiki kilisema batobato, chagua majani sita tuone." Achague mwenyewe, apige mwenyewe, mikono ikimtetemeka kidogo kama yetu ilivyotetemeka siku ya kwanza. Kisha mgeuzie jani, mkuzie picha, aone vile vidoa vya kijani vinavyotembea, kama vipo. Kama havipo, na majani mapya yametoka na mabaka yaleyale baada ya mvua, mwambie ulikosea, na muanze kuzungumza habari ya mbegu.